Mtoto ameenda, sauti yake isiende: vile unaweza kutunza alichoacha

Jumapili iliyopita nilikuwa soko la Kibuye hapa Kisumu napimiwa omena, mama mmoja tunajuana kwa sura tu akanishika mkono akaniambia wamezika kijana wake juzi juzi. Kitu ya kwanza aliniuliza haikuwa vile moyo unapoa. Aliniuliza, "Mama, wewe sauti ya mtoto wako ulifanya aje mpaka leo bado uko nayo?" Tukasimama hapo karibu saa nzima mpaka muuza omena akatupea stuli tukae. Nimeona niandike yale nilimwambia na yale nilisahau kumwambia, juu najua kuna wamama wengi wako pale yeye yuko, na mimi wakati wangu hakuna mtu aliniambia, kila mtu alikuwa ananiambia tu nijikaze.

Wangu alikuwa na miaka 24. Ilikuwa pikipiki, usiku, hii barabara ya kuelekea Busia, na hapo sitaongeza. Alikuwa anasomea ualimu na kila Jumamosi anakusanya watoto wa ploti hapa Manyatta chini ya mwembe anawafundisha hesabu bila kuitisha mzazi shilingi, ubao alitengeneza mwenyewe na plaiwudi akaipaka rangi nyeusi. Nyumbani kwetu ni Khwisero, huko ndiko tulimlaza, nyuma ya simba yake, ile nyumba kijana anajijengea kwa boma ya wazazi.

Sasa sikia. Vitu za kwanza kupotea si zile unadhani. Nguo zitakaa, viatu vitakaa, simba itakaa miaka. Sauti ndio inaenda haraka, alafu zile vitu ziko ndani ya simu, alafu karatasi. Kwa hivyo fuata hio njia, usianze na kaburi la tailizi ama tisheti za picha, hizo zinaweza kungoja mwaka mzima na hakuna kitu itaharibika.

Kabla wazee wakae

Kama nyinyi ni watu wa huku kwetu mnajua baada ya mazishi kuna ile siku ya kunyoa, wazee wanakaa, madeni yanatajwa, vitu za marehemu zinagawanywa. Ni desturi nzuri, sina neno nayo, mtu akikuja kusema alikuwa anadai kijana wako mia tano inaisha hapo hapo. Lakini hio ndio siku simu inaweza kupewa binamu na daftari zikaenda kuwashia moto jikoni, na hakuna mtu amekukosea, ni vile hawajui. Mimi nilienda kwa shemeji yangu, ndiye mkubwa pale bomani, jioni kabla ya hio siku, nikamwambia, "Shemeji, nguo gaweni vile mnaona, redio mpeni mdogo wake, lakini naomba simu, memori kadi, daftari zake zote na kitu yoyote iko na mwandiko wake nikae nazo mimi." Akaitikia, na kesho yake akasema mbele ya watu, ikawa imeisha. Ongea na mtu mmoja mwenye sauti kabla ya kikao, usingoje kikao kianze juu hapo utakuwa unalia na hutasikika.

Weka hizo vitu kwa begi moja na ujue begi iko wapi. Watu wanakuja wengi matanga na vitu zinatembea.

Sauti

Usipeleke simu yake kwa fundi ifunguliwe. Nasema hivi nikiwa na uchungu. Mimi sikuwa najua namba yake ya siri, nikajaribu siku yake ya kuzaliwa, nikajaribu yangu, simu ikajifunga, nikapeleka kwa fundi mmoja akasema ni kazi ya dakika kumi. Aliifungua kweli, lakini aliifulashi, na simu ikifulashiwa inafutika yote ikarudi kama imetoka dukani. Video zake akifundisha, nyimbo alikuwa anajirekodi akiimba asubuhi, zote zilienda hapo. Nilikaa kwa ile benchi ya fundi mpaka akafunga duka. Kwa hivyo kama hujui namba ya siri, usibahatishe bahatishe, zima simu, toa memori kadi kama iko, uziweke zote mbili. Uliza marafiki zake polepole, kuna mmoja anajua, vijana wanaonana wakifungua simu. Na fundi akikuambia atafungua, swali ni moja tu, "data itabaki?" Akisema hajui, beba simu yako urudi nyumbani.

Lakini kile kiliniokoa ni kwamba sauti yake haikuwa kwa simu yake peke yake, ilikuwa kwa yangu. Zile voisi alikuwa ananitumia WhatsApp, "mama nimefika", "mama hio pesa nimeona", "mathe leo sikuji nitalala kwa kina fulani". Kama simu yako ni Android ingia mahali pa mafaili, tafuta folda ya WhatsApp, ndani kuna Media, ndani tena kuna folda imeandikwa WhatsApp Voice Notes. Utapata mafaili yanaanza na PTT na namba ndefu, hizo namba ndio tarehe, mwaka kwanza alafu mwezi alafu siku, kwa hivyo hata bila kufungua unajua hii alinitumia lini. Ziko zote zimechanganywa na za watu wengine, itabidi usikize moja moja, na hapo nakuomba usifanye peke yako usiku. Mimi nilifanya na dada yangu mchana, dakika ishirini kwa siku, tukichoka tunaacha, tulichukua kama wiki tatu.

Njia ingine rahisi ni ufungue chati yake, uende kwa zile nukta tatu juu, uguse More alafu Export chat, ikuulize kama unataka na media useme ndio, ujitumie kwa imeli. Hio inatoa maandishi na sauti pamoja. Lakini chati ikiwa ya miaka mingi inaweza kukata zile za zamani, kwa hivyo fanya zote mbili.

Ukishapata, nakili mara tatu. Moja kwa flashi, moja kwa Google Drive ama mahali pengine pa intaneti, moja kwa flashi ingine ikae nyumba ya mtu mwingine kabisa, yangu iko Kakamega kwa dada. Flashi inakufa bila kuugua, leo inafunguka kesho inasema haitambuliki, na nyumba zinaungua, na ndugu zetu wa Nyando na Budalangi kwenye mafuriko hamhitaji kuambiwa maji yanaweza kufanya nini kwa vitu za nyumba. Kila Desemba nafungua hizo flashi naangalia kama bado zinasoma.

Alafu uliza wengine. Nilitangaza siku ya makumbusho, ile ya mwaka mmoja, nikasema kama uko na sauti yake, video, hata akiwa nyuma ya picha ya mtu mwingine, nitumie, na usiikate, nitumie vile iko. Nikapata vitu 61. Kuna moja anacheka tu, sekunde nne, hakuna neno.

Na msichana wake. Nitasema wazi hapa juu najua vile tunakuwanga. Kama kijana wako alikuwa na msichana, huyo msichana ako na picha na sauti nyingi kuliko wewe, na yeye pia amefiwa hata kama hakuna mahari ilitoka. Mpigie simu. Mimi yangu nilichelewa miezi nane, nilikuwa nimemkasirikia kitu sikumbuki ni gani, na siku alikuja alikuwa amebeba kila kitu amepanga kwa tarehe.

Laini na akaunti

Laini yake usiiache ilale. Laini isipotumika muda mrefu kampuni inaichukua inauzia mtu mwingine, na siku moja utapiga tu usikie ile sauti ya mteja hapatikani upokelewe na mtu mgeni. Kuna mama najua hio ilimpata, alilazwa. Weka laini kwa simu ndogo ya mulika mwizi, weka kredo ya kumi, piga simu moja kila mwezi. Tena hio laini ndio inapokea zile namba za meseji ukitaka kuingia kwa akaunti zake, bila laini unafungiwa nje. Pesa ikiwa imebaki kwa M-Pesa yake usitoe na PIN kisirisiri hata kama unaijua, ifuate na cheti cha kifo na makaratasi mengine kampuni itakuitisha, juu ikija kuleta maneno kwa familia itachafua mpaka zile vitu zingine safi.

Cheti cha kifo ombeni mapema, inaombwa kwa eCitizen na ile kibali cha mazishi ndio inahitajika, kwa hivyo msipoteze kibali kule kwa makaratasi ya mochari. Toa kopi kadhaa zipigwe muhuri. Utaitishwa mara nyingi.

Google wako na sheria akaunti ikikaa miaka 2 bila kuguswa wanaweza kuifuta yote, picha na imeli na kila kitu, walianza hio mwisho wa 2023. Kama simu yake bado inafunguka, iwashe na intaneti, ufungue kitu ya Google kama YouTube ukitumia akaunti yake, mara moja kwa miezi michache. Kama haifunguki kuna fomu ya Google ya familia ya marehemu, inataka cheti na kitambulisho chako, inachukua muda na wanaweza kukataa, lakini jaza. WhatsApp ni haraka zaidi, akaunti ikikaa siku 120 bila kushika intaneti kawaida inafutwa, kwa hivyo kama ulikuwa unapenda kuangalia picha yake ya profaili pale juu, piga skrinshoti leo.

Facebook inaweza kubadilishwa iwe ya ukumbusho, wanaandika Remembering kabla ya jina. Ni nzuri juu inazuia wezi kuingia kuomba watu pesa kwa jina la mtoto wako, hio inafanyika sana. Lakini ikishabadilishwa hakuna mtu anaingia tena hata akiwa na namba ya siri, kwa hivyo toa picha zote kwanza.

Kitu moja nataka niseme kuhusu kusoma. Ukifungua simu yake utaona meseji. Zingine hazikuhusu. Alikuwa mtu mzima. Yangu simu ilifutika, lakini kwa akaunti zake niliamua nachukua picha, sauti, na mambo ya darasa lake, na chati zake na marafiki sikufungua hata moja, na mpaka leo sijutii hio.

Karatasi na picha

Hapa Kisumu joto na unyevu wa ziwa unakula karatasi, na Khwisero mchwa hawaulizi. Usiweke kwa sanduku la mbao chini ya kitanda. Nunua ndoo ya plastiki ya mfuniko ama kontena ile ngumu, iinue juu ya matofali, weka vile vipakiti vidogo vya kukausha unapata kwa boksi za viatu. Karatasi iwe imekauka kabisa kabla ufunge, ukifunga na unyevu unafuga ukungu.

Usilaminate. Najua saiba zote zinapenda kulaminate na inakaa safi, lakini ile plastiki inachomwa ikashikana na karatasi milele, ikianza kuharibika huwezi kuitoa. Selotepu pia hapana, inageuka rangi ya chai na kula wino. Nyuma ya picha andika na penseli, polepole, jina, mwaka, mahali na nani amesimama na nani, juu kalamu ya wino inapenya inatokea mbele. Andika hata kama unajua, watoto wa wadogo zake hawatajua.

Picha zikilowa na kushikana usizivute. Ziloweke kwa maji safi baridi mpaka ziachane zenyewe, alafu uzianike kivulini sura ikiangalia juu, si kwa jua.

Kuskani, mwambie kijana wa saiba akuwekee DPI 600, hio ni ukali wa picha, kwa picha ndogo ndogo kama za paspoti na 300 kwa karatasi ya kawaida, na akutolee kama picha si kama kopi, kuna tofauti. Kaa hapo akifanya. Daftari za mtoto wangu zilikuwa saba, niliskani kila ukurasa mpaka zile amechora tu mistari akiwa amechoka darasani, na nyuma ya moja nikapata ameandika bajeti, "simu ya mama 6,000, nimefikisha 2,350". Sikuwa najua alikuwa ananiwekea.

Kama wako aliandika mashairi, nyimbo, hadithi, jua hakimiliki inaendelea miaka 50 baada ya ule mwaka amekufa na familia ndio inarithi, kwa hivyo mtu asikuambie nyimbo ya marehemu ni ya kila mtu. Unaweza kusajili na bodi ya hakimiliki, KECOBO, kwa mtandao. Ukitaka kutoa kitabu, namba ya ISBN inatoka kwa KNLS, wale wa maktaba ya taifa. Lakini anza na kopi thelathini za kufunga na spairo, zigawe kwa wale watasoma.

Rekodi wale walimjua

Hii watu wanasahau. Kukhu wake, yaani nyanya yake, alikuwa na miaka 80 na kitu, nilijua tukimpoteza ameenda na utoto wake wote, juu mimi nilikuwa Kisumu natafuta na yeye ndiye alimlea mpaka darasa la tatu. Nikaweka simu kwa kiti, nikafukuza kuku nje nikafunga mlango, nikamwacha aongee Kiluhya, sikumwambia atafsiri. Mtu mzee akiambiwa aongee Kiswahili kwa simu anaanza kuhutubia. Usiulize alikuwa mtoto wa aina gani, utaambiwa alikuwa mzuri na mtiifu na unabaki na maneno ya programu ya mazishi. Uliza alikuwa anaogopa nini. Alikufanya umchape lini. Alikuwa anaficha wapi vitu. Kukhu akaniambia alikuwa anaficha mahindi choma kwa kiatu cha mvua cha babu, na kwamba alikuwa analala amemshika sikio.

Baba yake hakutaka kurekodiwa. Nilimwacha. Miaka miwili baadaye tukiwa shambani alianza kuongea mwenyewe na simu ilikuwa nyumba, na ni sawa, nilikimbia jioni nikaandika yale nilikumbuka.

Jina na kazi yake

Watu watabadilisha vile wanakuita. Mimi nilikuwa Mama na jina lake, mtaa mzima, na ghafla wakaanza kuniita kwa jina la mdogo wake, wakidhani wananipunguzia. Niliwaambia hapana, mimi bado ni mama yake. Ilibidi nirudie kama mara kumi. Sema tu bila kugombana, watashika.

Kuhusu kufungua faundesheni. Utaambiwa ufungue, haswa siku za kwanza watu wakiwa na moto, mtu atajitolea kuwa sekretari na mwingine mweka hazina. Ngoja. Uliza kwanza yeye mwenyewe alikuwa anafanya nini na mikono yake, na ufanye hio tu, kwa udogo ule ule. Ikikua mpaka iguse pesa za watu, andikisha kama kundi la jamii kwa ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu, sheria ya 2022 inataka muwe watu wasiopungua 10, muwe na katiba na muandike minutsi. Ile ya shirika kubwa inaenda kwa sheria ya PBO, ile ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyoanza kutumika 2024, hio ni kazi ingine na mimi sijaihitaji.

Yangu ni Jumamosi. Ule ubao ulikuwa umebaki kwa ukuta na hesabu yake ya mwisho bado iko, sehemu, tatu juu ya nne kuongeza moja juu ya nane, hajamaliza kujibu. Nilipiga picha zake nyingi kwa mwanga wa asubuhi bila flashi, alafu nikaomba fundi wa mbao aufunike na kioo, ukae vile uko, na akatengeneza mwingine mpya saizi hio hio. Sikusoma sana mimi, hesabu sijui, kwa hivyo niliita mmoja wa wanafunzi wake wa kwanza, saa hii ako fomu four, nikamuuliza kama anaweza. Chaki nanunua mimi na uji napika mimi. Tulianza na watoto wanne. Juzi walikuwa 19 na mmoja mdogo alienda akasimama kwa kile kioo akaangalia ile hesabu muda mrefu, akaniuliza kwa nini mwalimu hakuandika jibu, na kabla nimjibu akaokota chaki akaenda kwa ubao mpya akaandika saba juu ya nane.